Sheikh Abdulla Saleh Farsy na Kazi ya Tafsiri

Hapa Rujewa mavuno ya mpunga yanapoanza darsa hupungua watu, nasi tunaosomesha hushikwa na unyonge. Hapo humkumbuka Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Allah amrehemu, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912.

Katika zama zake Waswahili walikuwa na tafsiri mbili kamili za Qur'ani: ya Padri Godfrey Dale ya mwaka 1923, na ya Waahmadiya ya mwaka 1953. Sheikh hakuridhika nazo. Alikuwa mwalimu wa skuli, kisha mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar, shughuli ambazo zingetosha kuwa udhuru. Yeye akaendelea kufasiri, akitoa sehemu baada ya sehemu. Yakaja Mapinduzi ya 1964. Miaka michache baadaye akahamia Kenya (na kuhama kwenu ukubwani si jambo jepesi), akawa Kadhi Mkuu huko. Kazi hakuitupa. Mwaka 1969 tafsiri nzima ikatoka Nairobi. Alifariki Oman mwaka 1982.

Tafsiri hiyo ndiyo tunayoisoma baada ya Alasiri, hata wakihudhuria watu watatu.