George Ellery Hale: Mtu Aliyeipima Sumaku ya Jua

Msomaji, ukifika katikati ya jiji la Nairobi ukapanda lifti katika jumba la KICC, lililokamilika mwaka 1973, huenda usidhani kwamba chombo hicho kina udugu wowote na ilimu ya jua. Udugu upo. Mali ya lifti ndiyo iliyomnunulia darubini kijana mmoja wa Kimarekani, naye ndiye aliyetambua kwanza kwamba madoa ya jua ni sumaku.

George Ellery Hale alizaliwa Chicago tarehe 29 Juni, 1868. Mji huo uliteketea kwa moto mwaka 1871, na ulipojengwa upya majumba yakazidi kwenda juu. Baba yake, William, aliyefanya biashara ya lifti, akatajirika, akamjengea mwanawe kituo cha falaki papo hapo nyumbani. Mwaka 1889, akiwa bado mwanafunzi, Hale alibuni chombo cha kulipiga jua picha kwa rangi moja tu ya nuru yake.

Nyumba ya baba haikumtosha. Alijua kuzungumza na matajiri, wakatoa. Mwaka 1897 kilifunguliwa kituo cha Yerkes, chenye darubini ya kioo cha inchi 40. Mwaka 1904 akahamia Mlima Wilson, California, ambako nyumbu walipandisha mizigo kwa njia nyembamba.

Huko, mwaka 1908, ndiko alikopata jambo lake kubwa. Nuru ya jua ikichambuliwa rangi zake, mfano wa upinde wa mvua, huonekana ndani yake mistari myembamba myeusi. Mholanzi Pieter Zeeman alikwisha onyesha kwamba penye sumaku kali mstari wa nuru hugawanyika. Hale alipoielekeza darubini kwenye madoa ya jua, akaiona mistari imegawanyika. Sumaku ya humo ilikuwa na nguvu mara maelfu kushinda ile inayoigeuza dira ya nahodha baharini.

Ndipo taabu ilipoanza. Madoa aghalabu huenda mawili mawili, moja mbele na jingine nyuma, na kila moja lina ncha yake ya sumaku. Kwa miaka kadhaa mpango ulikuwa mmoja. Lakini kiasi cha mwaka 1913, madoa ya zamani yalipokwisha na mapya yakaanza kutoka, ncha zilikuwa zimegeuka: iliyokuwa mbele imekwenda nyuma. Je, ni tabia ya jua, au ni sadfa tu? Jibu halikuweza kuharakishwa. Madoa huzidi na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, basi ilibidi kungoja.

Na aliyengoja alikuwa mgonjwa. Kichwa kilimsumbua, usingizi ukamkimbia, neva zikamlemea hata akashindwa na kazi mara kwa mara. Mwaka 1923 aliacha ukuu wa kituo. Hata hivyo hakuliacha jua. Alijijengea kituo kidogo mjini Pasadena. Katika mzunguko uliofuata ncha ziligeuka tena, na mwaka 1925 yeye na mwenzake Seth Nicholson wakathibitisha kwamba sumaku ya madoa hurejea ilivyokuwa kwa miaka 22 hivi.

Hale alifariki dunia Pasadena tarehe 21 Februari, 1938. Mlimani, michoro ya madoa iliyoanza mwaka 1917 iliendelea kuchorwa siku hata siku. Katika miaka ya 1950, Horace Babcock na baba yake Harold walitengeneza chombo cha kuchora ramani ya sumaku ya uso mzima wa jua, hata pasipo na doa. Tangu mwaka 2010 setilaiti ya Marekani iitwayo SDO imekuwa ikichora ramani hizo kutoka angani.

Asidhani mtu kuwa huu ni mchezo wa wataalamu. Sumaku ya jua ikifumka, dira huyumba na redio hukatika. Mwezi Machi 1989 tufani ya namna hiyo iliwazimia umeme mamilioni ya watu wa Quebec, Kanada.

Sisi watu wa pwani tunamjua mzee apandaye mnazi ilhali hana hakika ya kunywa dafu lake. Hale alilionja la kwanza; mengine yangali yakianguliwa.