Banting, Tabibu Aliyeuza Haki ya Insulini kwa Dola Moja

Misungwi. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa Novemba 14, tarehe aliyozaliwa Dkt. Frederick Banting mwaka 1891, katika shamba karibu na Alliston, Kanada. Mzazi wa Misungwi anayehifadhi insulini ya mwanawe katika jokofu au mtungi huitegemea kazi ya tabibu huyo kila siku.

Banting alikuwa mpasuaji aliyejeruhiwa vitani Ufaransa mwaka 1918, na aliporejea kwao wagonjwa wake walikuwa wachache. Usiku wa Oktoba 31, 1920, baada ya kusoma makala kuhusu kongosho, alipata wazo la kutenga homoni yake. Mwaka uliofuata, Profesa John Macleod wa Toronto alimpatia maabara na msaidizi kijana, Charles Best. Januari 11, 1922, Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, alidungwa dawa hiyo bila mafanikio makubwa. Sindano ya Januari 23 ndiyo iliyoshusha sukari, baada ya James Collip kuisafisha dawa, mchango ambao husahauliwa mno.

Banting hakujua namna seli inavyoitunza homoni hiyo. Insulini huwekwa katika vifuko vidogo sana vyenye utando. Protini moja ya utando huo huingiza zinki, ambayo huiwezesha insulini kujikusanya. Nyingine hukiunganisha kifuko na utando wa seli ili homoni imwagike damuni sukari inapopanda. Mwaka 2007 ilibainika kuwa kinga ya mwili ya wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya kwanza huilenga protini hiyo ya zinki, na alama zake hupimwa katika damu. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2025 katika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini uliwakuta vijana wengi wagonjwa bila alama hizo. Kwa hiyo mtoto mwenye kiu kali, anayekojoa mara kwa mara na kukonda, apimwe sukari mapema, asidhaniwe kuwa na malaria pekee.

Mwaka 1923 Banting, Best na Collip waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki miliki, kila mmoja kwa dola moja. Mwaka huohuo Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting, aliyekasirishwa na kuachwa kwa Best, alimgawia nusu ya fedha zake. Macleod naye akagawana na Collip.

Banting alifariki Februari 1941, akiwa na miaka 49, baada ya ndege iliyokuwa ikimpeleka Uingereza kwa shughuli za vita kuanguka Newfoundland.