Dirac na sumaku ya ncha moja

Namheshimu Paul Dirac, na si kwa Nobel ya 1933 pekee. Mwingereza huyu mkimya, mzaliwa wa Bristol mwaka 1902, alionyesha kwa hesabu mwaka 1931 kwamba chembe ya sumaku yenye ncha moja inawezekana, ingawa ukikata sumaku, kila kipande hubaki na ncha mbili. Miaka 50 baadaye alimwandikia Abdus Salam kwamba sasa anaelekea kuamini haipo, kwani majaribio hayajaionyesha. Alifariki 1984. Leo huko CERN, Geneva, chembe zinapogonganishwa, mitambo ya MoEDAL huisaka kwa tabaka za plastiki na vipande vya alumini vya kuinasa. Bado haijapatikana. Kwangu mimi, funzo ni hili: alikubali ushahidi uzidi hesabu yake mwenyewe.