Waliosimama nje ya mlango wa kanisa

Mtoto Edward Kennedy Ellington alikuwa na Jumapili ndefu. Alizaliwa Washington, Marekani, Aprili 29, 1899, na kila Jumapili alihudhuria ibada mbili: moja kwa Wabaptisti, alikosali mama yake Daisy, nyingine kwa Wamethodisti, alikosali baba yake James. Rafiki yake alimpachika jina la Duke, cheo cha watu wa tabaka la juu, kwa unadhifu na adabu zake.

Lakini riziki yake hakuipatia kanisani. Desemba 1927, yeye na bendi yake walianza kazi Cotton Club, klabu ya usiku mtaani Harlem, New York. Jukwaani walikuwa watu weusi, mezani wateja weupe. Mtu mweusi aliruhusiwa kuiburudisha klabu ile, si kuketi humo kama mteja.

Mwaka 1932 Duke alitoa wimbo wenye neno swing katika jina lake. Miaka michache baadaye neno hilo likawa jina la enzi nzima ya muziki. Bendi kubwa zilijaza kumbi za dansi wakati uchumi wa Marekani umeanguka na mamilioni hawana kazi. Watu walifuata nini? Sikiliza bendi hizo utajua: tarumbeta zinaita, saksofoni zinaitikia, besi na ngoma zinasukuma mdundo mpaka miguu inakataa kutulia. Kuitana na kuitikiana huko kulikuwapo zamani katika nyimbo za kazi za watumwa na katika makanisa ya weusi, mhubiri akiita na waumini wakijibu. Muziki ulioitwa wa kidunia ulikuwa na damu ya kanisa.

Duke alilijua hilo. Januari 1943, katika ukumbi wa Carnegie Hall, alipiga Black, Brown and Beige, kazi ndefu inayosimulia historia ya watu weusi wa Marekani. Ndani yake mna Come Sunday, sehemu inayowakumbuka watumwa waliosimama nje ya kanisa siku ya Jumapili, wakisikiliza nyimbo za ndani na kuzifuatisha kwa sauti ya chini. Hebu fikiri, msomaji: mlango umefungwa, lakini sifa zinamfikia Mungu kutoka pande zote mbili.

Septemba 16, 1965, akiwa na miaka 66, Duke mwenyewe aliingia. Katika kanisa kuu la Grace, San Francisco, alifanya tamasha lake la kwanza la muziki mtakatifu. Hakuwaacha nyumbani wanamuziki wake wa klabu. Alikuja nao, saksofoni na ngoma zao mkononi, pamoja na mchezaji dansi aliyecheza kumkumbuka Daudi mbele za Bwana.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1966, wachungaji wa Kibaptisti wa Washington, mji aliozaliwa, walikataa kuliunga mkono tamasha lake. Wasomaji wa 2 Samweli sura ya 6 wanamkumbuka Mikali dirishani, akimdharau mumewe kwa kucheza mbele ya sanduku la agano.

Duke hakuwa malaika, na ndoa yake ilivunjika mapema. Hata hivyo aliyahesabu matamasha hayo kuwa kazi muhimu kuliko zote alizofanya. La tatu alilifanya Westminster Abbey, London, Oktoba 1973, akiwa mgonjwa. Alifariki Mei 24, 1974, na maelfu walifurika katika kanisa kuu la St. John the Divine, New York, kumuaga.

Basi, mpendwa, huenda hata leo yupo kijana anayepiga gitaa kwenye kumbi za starehe, na akija ibadani hukaa benchi la nyuma kwa sababu ya macho yetu. Zaburi ya 150 imetaja tarumbeta, kinubi, matari na matoazi, wala haikuuliza yalipigwa wapi jana usiku. Unaweza kuwa Mikali wa dirishani. Unaweza pia kusogea kidogo ili kijana apate nafasi ya kukaa, kisha umuulize kama wiki ijayo atakuja na gitaa lake.

Jumapili njema.