Louis Rwagasore na Amana ya Cheo

Jina la Louis Rwagasore lajulikana na kila mkazi wa Bujumbura, mkubwa kwa mdogo. Yafaa tukumbuke si kifo chake tu, bali pia jinsi alivyokitazama cheo.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa. Alisoma Astrida, kisha Ubelgiji. Aliporejea angeweza kustarehe chini ya kivuli cha baba yake. Badala ya hayo, mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na miongoni mwa walioungana naye walikuwamo Waswahili wa Usumbura, mji tuuitao leo Bujumbura. Hakuwa Mwislamu, wala hakuona haya kushirikiana na wachuuzi wa Buyenzi. Ushirika ule ulipatwa na shida ya fedha, lakini imani ya watu kwake haikuvunjika.

Mwaka 1959 alipewa uchifu wa Butanyerera. Hakudumu nao, akauacha apate kuitumikia UPRONA na kudai uhuru. Mwaka 1960 watawala wa Kibelgiji waliwakataza jamaa wa karibu wa Mwami kushika vyeo vya siasa, kisha wakamweka yeye kizuizini. Hata hivyo, katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, UPRONA ilipata viti 58 katika 64.

Hapo ndipo tabia ya mtu hujulikana, kwani aliyeonewa jana akishinda leo hushawishika kulipiza kisasi. Rwagasore aliwaambia wananchi kwamba ushindi ule haukuwa wa chama kimoja, bali wa utulivu na amani. Akataka serikali yake ihukumiwe kwa matendo yake, na fahari yake iwe kuridhika kwa wananchi. Alikuwa Waziri Mkuu kwa muda wa wiki mbili hivi. Tarehe 13 Oktoba 1961 aliuawa kwa risasi hapa mjini, na uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, yeye hakuwapo.

Kipimo alichojiwekea kimebaki. Karani apokeaye karatasi za mwananchi, mtoza ushuru sokoni, askari njiani, mkuu wa komini: kila mmoja ameshika kitu kisicho chake. Amana haiulizi mwenye haja ni wa kabila gani, chama gani au dini gani, wala haingoji kuonjeshwa kitu ndipo itimizwe. Ikiwa mwana wa Mwami alikubali kuhukumiwa na raia, mtumishi wa ofisini atajitukuza kwa lipi?

Mwenyezi Mungu awajaalie wenye vyeo, wakiwemo vijana wetu, kuirudisha amana kwa wenyewe.