Levi Coffin, mwenye duka aliyewaficha watumwa

Katika mji mdogo wa Fountain City, jimboni Indiana, Marekani, wageni hufika kuitazama nyumba ya matofali iliyojengwa mwaka 1839. Enzi hizo mji uliitwa Newport, na waasisi wake walikuwa Wakweka, yaani Marafiki, dhehebu lenye waumini wengi magharibi mwa Kenya. Mwenye nyumba alikuwa Levi Coffin.

Coffin alizaliwa North Carolina mwaka 1798. Akiwa na umri wa miaka saba aliwaona watumwa wakipitishwa barabarani wamefungwa minyororo, na tangu hapo akauchukia utumwa. Mwaka 1826 alihamia Newport, akafungua duka. Nyakati za usiku, yeye na mkewe Catharine waliwapokea watumwa waliokuwa wakitorokea kaskazini. Kisima kilichimbwa ndani ya nyumba, ili majirani wasishuku wingi wa maji yaliyotumika.

Baadhi ya wateja walimsusia. Hata Marafiki wenzake waligawanyika mwaka 1843, kwani viongozi waliopinga utumwa hawakutaka waumini wajiunge na vyama vya kuupiga vita. Coffin alijitenga nao, akaendelea kufungua mlango. Kwa makadirio yake, watu wapatao 2,000 walipitia mikononi mwao mjini Newport.

Mwaka 1847 alihamia Cincinnati, akauza bidhaa zisizotokana na jasho la watumwa. Alifariki mwaka 1877. Kaburi lake lilikaa bila alama hadi mwaka 1902, Wamarekani weusi wa mji huo walipolijengea mnara.