Spike Milligan: Mcheshi aliyeonyesha dunia baada ya bomu

Marehemu Terence Alan Milligan, aliyejulikana kwa jina la Spike, aliwachekesha Waingereza kwa muda wa miaka hamsini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa huzuni. Alifariki dunia tarehe 27 Februari 2002, akiwa na umri wa miaka 83. Wanaomkumbuka humkumbuka zaidi kwa vichekesho vyake vya redio na mashairi yake ya watoto. Makala haya yatamtazama kwa upande mwingine. Yeye na mwenzake walitunga mchezo wa kuchekesha juu ya nchi iliyokwisha kuangamizwa na mabomu ya nyuklia, na mchezo huo mwaka 1969 ukafanywa sinema iitwayo The Bed Sitting Room, yaani kile chumba kimoja cha kupanga ambamo mtu hulala, hupika na kupokea wageni humo humo.

Huenda msomaji akashtuka. Kwetu sisi kuangamia kwa dunia si jambo la mzaha. Kiama ni siri ya Mwenyezi Mungu, na saa yake haijui mja. Lakini kiama alichokizungumza Milligan ni kile wanachojitengenezea waja kwa mikono yao, nacho kina tarehe zake: Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na Nagasaki siku tatu baadaye. Wala hakikuwa mbali nasi. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumiwa kwa bomu la Hiroshima yalichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya migodini. Na tarehe 13 Februari 1960 Wafaransa walilipua bomu lao la kwanza huko Reggane, katika jangwa la Sahara nchini Algeria, ijapokuwa nchi za Afrika zilipiga kelele kukataa. Basi mtu akitunga mchezo juu ya mabomu hayo, na sisi tumo katika mchezo huo.

Milligan alizaliwa tarehe 16 Aprili 1918 huko Ahmednagar, Bara Hindi. Baba yake alikuwa mzaliwa wa Ayalandi aliyekuwa askari katika jeshi la Mwingereza, na mama yake alikuwa Mwingereza. Utoto wake aliupitisha Poona na Rangoon, wakati huo mji mkuu wa Burma, Burma ile ile ambayo baadaye askari wetu wa KAR, wakiwemo vijana waliotoka huku Kakamega, walipelekwa kupigana na Wajapani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 jamaa ile ilihamia London, na kijana aliyezoea jua, watumishi na heshima za kikoloni akajikuta katika mtaa wa watu maskini, kwenye baridi na moshi. Alifanya kazi ndogo ndogo mchana, na usiku akapiga tarumbeta na gitaa katika bendi za dansi.

Mwaka 1940 aliitwa jeshini, akawekwa katika kikosi cha mizinga. Mwanzoni mwa 1943 alishuka Algiers, akapigana Tunisia, kisha akavuka bahari hadi Italia. Huko Afrika ya Kaskazini ndiko alikokutana na Harry Secombe, ambaye baadaye alikuwa mchekeshaji mwenzake. Yasimuliwa kwamba mzinga wa kikosi cha Milligan uliteleza ukaporomoka genge, ukakosa kidogo tu kumponda Secombe aliyekuwa chini, na muda si mrefu Milligan akaja akiulizia mzinga wake uliopotea kama mtu anayetafuta mbuzi.

Lakini mwezi wa Januari 1944, katika vita vya Monte Cassino, kombora liliangukia karibu naye. Jeraha la mguu lilikuwa dogo, ila akili ilitikisika. Alitetemeka, akalia, akashindwa kusema sawasawa. Mkubwa wake hakuyaona hayo kuwa maradhi, akamvua kile cheo kidogo alichokuwa nacho. Milligan hakurudi tena mstari wa mbele, na maisha yake yote baada ya hapo ni ya mtu aliyebeba sauti ya kombora lile masikioni.

Baada ya vita, yeye na Secombe, pamoja na Peter Sellers na Michael Bentine, walianzisha kipindi cha The Goon Show katika redio ya BBC. Kilianza mwezi wa Mei 1951 kikaendelea hadi Januari 1960, na Milligan ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya vipindi hivyo vilivyozidi 200. Vilikuwa vichekesho visivyo na kichwa wala miguu, vyenye milio ya ajabu na majenerali wapumbavu, na vilibadilisha mtindo wa uchekeshaji Uingereza nzima. Gharama yake ilikuwa kubwa. Kutunga mchezo mzima kila juma kulimvunja. Mwishoni mwa 1952 alipandwa na wazimu, na yasemekana alimwendea Sellers na kisu cha kumenyea viazi, akalazwa hospitali. Ugonjwa huo ulimrudia mara nyingi mpaka uzeeni, na alikuwa miongoni mwa watu mashuhuri wa kwanza Uingereza kusema hadharani kwamba ni mgonjwa wa akili na kwamba si aibu.

Kuna jambo jingine lililomfika ambalo msomaji wa pwani atalielewa upesi. Mtu huyu aliyezaliwa kambini mwa jeshi la Mwingereza, mwana wa askari wa Mwingereza, aliyejeruhiwa akimpigania Mwingereza, aliambiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba uraia wake una kasoro, kwa sababu baba yake alizaliwa Ayalandi na yeye mwenyewe alizaliwa Bara Hindi. Sheria zilikuwa zimebadilika, akatakiwa aombe upya na ale kiapo. Milligan alikataa, akachukua paspoti ya Ayalandi. Aliyewahi kutakiwa cheti cha kuzaliwa cha babu yake ili apewe kitambulisho hana haja ya kufafanuliwa jambo hili.

Katika kipindi hicho hicho ndipo alipotunga, pamoja na John Antrobus, mchezo wa The Bed Sitting Room. Ulichezwa kwanza Canterbury mwezi wa Februari 1962. Oktoba ya mwaka huo Marekani na Urusi zilikaribia kupigana kwa mabomu ya nyuklia kwa ajili ya Cuba, na Januari 1963 mchezo ukaingia London, mbele ya watu ambao miezi mitatu nyuma walikuwa wakihesabu siku zao. Walicheka, na walijua wanachekea nini.

Mtengenezaji wa sinema alikuwa Richard Lester, Mmarekani aliyehamia Uingereza na kupata jina kwa filamu za wale wanamuziki wa Beatles. Hadithi yenyewe ni hivi. Vita vya tatu vya dunia vimekwisha, navyo vilidumu kwa dakika mbili na sekunde ishirini na nane, pamoja na kutiwa sahihi mkataba wa amani. Hakuna anayekumbuka vilianzaje. Uingereza nzima wamebaki watu wapatao ishirini, wakizurura katika vifusi. Kwa kuwa ukoo wa kifalme umeteketea, taji limemwangukia aliyekuwa mfanya usafi wa malkia. Polisi wawili wanaelea angani katika gari bovu lililofungwa kwenye puto, wakiwaamrisha watu waendelee kutembea wasije wakalengwa tena. Msomaji wa habari wa BBC, mwenye koti safi kwa juu na matambara kwa chini, huenda kwa kila mtu akachuchumaa nyuma ya televisheni tupu na kumsomea habari za zamani. Mama mmoja aliye hai analetewa cheti cha kifo chake, na kwa kuwa cheti kina muhuri, hana hoja. Kisha sumu ya mabomu inaanza kuwageuza watu. Mama yule anakuwa kabati. Mumewe anakuwa kasuku, na kwa sababu ya njaa kasuku anaishia chunguni. Bwana mmoja wa kabaila, aliyechezwa na Ralph Richardson, anageuka chumba cha kupanga, na hata akiwa chumba shida yake kubwa ni kwamba asije akapangishwa mtu mweusi.

Hapo ndipo ulipo ukali wa kazi ya Milligan. Bomu limechoma nyumba, miji na mashamba, lakini halikuchoma kiburi, wala ubaguzi, wala ile tabia ya kuamini karatasi kuliko macho. Watu wamepoteza kila kitu ila yale mambo yaliyowaponza.

Sisi tuna mfano wetu wa zamani zaidi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, aliitazama Pate iliyoanguka, majumba yaliyokuwa na taa na mazulia yakiwa makao ya popo na buibui, akauonya moyo wake usidanganyike na dunia. Yeye alilia na Milligan akacheka, lakini wote wawili walimsimamisha msikilizaji mbele ya magofu wakamwuliza anajivunia nini. Tofauti ni kwamba Sayyid Abdalla alikuwa na pa kuelekeza moyo wake baada ya magofu. Milligan hakuonyesha pa kwenda, na ndiyo maana kicheko chake kina ukiwa.

Na huku Kakamega tunakoandikia makala haya, wazee hawakuhitaji sinema ili kujua mzaha wa karatasi. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyowahakikishia wenyeji kwamba ardhi ya rizavu ni yao milele. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega. Mwaka 1932 sheria ile ikarekebishwa ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa machimbo bila ya mwenyewe kupewa nyingine badala yake. Milele ilidumu miaka miwili. Milligan angeipata habari hiyo, asingeongeza neno.

Filamu ile haikupata soko. Kampuni ya United Artists iliyoitoa haikuipenda. Ilionyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 1969, ikacheleweshwa kabla ya kufika katika majumba ya sinema ya London mwaka 1970, na watazamaji hawakujaa. Hata hivyo haikuwa peke yake. Hiyo ilikuwa zama ya vijana wa Ulaya na Marekani waliofuga nywele, wakapinga vita vya Vietnam na kuukataa mwendo wa wazee wao, na watengenezaji wenye fedha chache waligundua kwamba dunia iliyoharibika ni mandhari ya bei rahisi: jangwa na magari mabovu yatosha. Roger Corman, fundi wa filamu za gharama ndogo, alitoa Gas-s-s-s, ambamo gesi ya kijeshi inawaua wote waliopita umri wa miaka 25, na vijana waliobaki wanarudia upumbavu ule ule wa wazee wao. Mwaka 1971 Jim McBride alitoa Glen and Randa, na mwaka 1975 L.Q. Jones akatoa A Boy and His Dog, hadithi ya kijana na mbwa anayemshinda akili. Katika jamii hiyo ya filamu, ile ya Milligan na Lester ni miongoni mwa zilizotangulia, na kwa maoni yetu ndiyo yenye uchungu zaidi, kwa kuwa mtunzi wake alikuwa amelisikia kombora kwa masikio yake.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Mwaka ule ule wa 1969, sinema yake ilipokuwa ikimkejeli mwenye chumba asiyetaka weusi, Milligan alipaka uso rangi akacheza kama mfanyakazi wa Kipakistani katika mchezo wa televisheni uitwao Curry and Chips, ulioandikwa na Johnny Speight. Watunzi walidai wanawacheka wabaguzi. Lakini matusi waliyotupiwa Waasia, wengi wao Waislamu wenzetu, yalikuwa mengi kuliko dhihaka iliyowarudia watukanaji, na baada ya malalamiko mchezo ulisimamishwa ukiwa na sehemu sita tu. Mzaha wa Milligan uliwauma wakubwa pale alipoutoa katika jeraha lake mwenyewe. Alipovaa ngozi ya mwingine, uliwaangukia wanyonge. Mcheka kilema, wahenga walisema, hafi bila ya kumfika, naye kilema cha kuitwa mgeni kilikuwa kimekwisha kumfika.

Aliendelea kuandika. Kuanzia 1971 alitoa vitabu saba vya kumbukumbu zake za vita na za baada ya vita. Mwaka huo huo alivunja kioo cha jumba la sanaa la Hayward, London, kwa nyundo, kwa sababu msanii mmoja alikusudia kuwaua samaki kwa umeme mbele ya watazamaji. Mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilimpa nishani kubwa, lakini ya heshima tu, kwa kuwa hakuwa raia wake.

Alizikwa Winchelsea, kusini mwa Uingereza. Alitaka kaburi lake liandikwe kwamba aliwaambia watu kuwa ni mgonjwa. Wakubwa wa kanisa walikataa mzaha huo makaburini, mpaka jamaa zake walipokubali uandikwe kwa Kiayalandi, lugha ambayo wapitao wengi hawaisomi.

Bara letu limejitoa katika silaha hizo kwa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi mwaka 1996 na kuanza kufanya kazi mwaka 2009. Hata hivyo dola tisa za dunia zingali na mabomu ya nyuklia, na upepo wa sumu haujui mipaka ya mikataba. Maneno ya kaburini Winchelsea yaliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mgonjwa. Aliyeitazama The Bed Sitting Room atayasoma kana kwamba yameandikiwa dunia nzima.